Daraja Likinyamaza

Hajainuka.

Mlipofunga gazeti wiki jana mlimwacha Mzee Marcelino Kihwele ameketi juu ya jiwe kando ya mto, nje kidogo ya Rujewa, ametamka maneno matatu tu: "Mwaka huu sishuki." Wapo waliodhani anatania. Hakutania. Jua limepanda, Fuso imewaka, watu wamejaa kwenye kingo zote mbili, na yeye bado ameketi, fimbo katikati ya magoti, anatazama maji.

Aliyechelewa kuingia kwenye hadithi namwambia kwa kifupi, maana Fuso inasubiri na dizeli inaungua.

Huyu mzee alikuwa askari wa uhandisi katika vita vya Kagera. Kazi yake madaraja. Wenzake wakipiga risasi, yeye alikuwa anakata magogo. Vita vilipokwisha alirudi kwao Igowole, akaoa, lakini mtu aliyezoea kuamshwa na mizinga hawezi kukaa anasikiliza mvua ya Mufindi. Akateremka Usangu kwenye mpunga. Akanunua mashine ya kukoboa. Mashine ilikuwa huku, mpunga ulikuwa ng'ambo ya mto. Basi akaleta nguzo za mkaratusi kutoka kwao, akajenga daraja.

Daraja likaleta mpunga. Mpunga ukaleta mashine ya pili, gari, nyumba ya bati jekundu, ada za watoto. Familia nzima inakula kupitia lile daraja mpaka leo.

Na vitani alitoka na desturi moja. Aliyejenga daraja husimama chini yake gari la kwanza linapopita. Basi kila mavuno, Fuso ya kwanza ya mpunga ikivuka, Mzee Marcelino alikuwa chini, suruali imekunjwa, maji magotini. Watu wa ng'ambo wakaizoea hiyo kama misa. Afande akisimama chini, mpunga unavuka. Afande asiposimama hawajui inakuwaje, maana haijawahi kutokea.

Sasa imetokea.

"Afande," alisema Nkuba, akaja mbele ya jiwe na bakora yake ya kuchungia. Mpunga uliokuwa kwenye Fuso ulikuwa wake. "Mimi siyo mtu wa maneno mengi."

"Anayeanza hivyo tukae chini kabisa," mtu mmoja akasema nyuma, watu wakacheka.

Nkuba hakucheka. "Miaka yote mpunga wangu unapita hapa wa kwanza. Leo unasema hushuki. Sasa mimi nifanyeje? Jua likifika kichwani nashusha magunia, nakodi gari lingine, nazunguka barabara kuu, napeleka kwa mashine nyingine. Na wewe unajua, wa ng'ambo wote wananitazama mimi. Nikigeuka, wamegeuka."

Mzee Marcelino alimtazama usoni mpaka akamaliza. "Una haki," akasema, akarudisha macho kwenye maji.

Basi.

Mmesikia wenyewe. Mpunga wa ng'ambo ukigeuka, mashine za Kihwele zitakoboa nini? Hewa?

Nyuma ya jiwe alikuwa amesimama Vitus, mwanawe wa kwanza, shati limepigwa pasi. Leo ilikuwa siku yake. Baada ya gari la kwanza kuvuka, baba alikuwa avue funguo za mashine shingoni, zile zilizofungwa kwa kamba ya kaki, amvishe yeye mbele ya watu. Alikuwa ameingojea siku hiyo kama mahindi yanavyongojea mvua. Naye akaona siku yenyewe inamponyoka.

"Baba," alisema akiwa kule kule nyuma. "Kama hutaki kunipa funguo, sema tu. Usilitie daraja nuksi mbele za watu."

Mzee hakugeuka. Hata bega halikucheza.

"Baba, naongea na wewe."

Mzee akaendelea kutazama maji.

"Duh. Amemdharau mwanawe hivi hivi," mama mmoja akanong'ona, wenzake wakaguna.

Mama Apolonia, mkewe, alikuwa ubavuni na sufuria ya wali wa mpunga mpya uliokuwa umeanza kupoa. "Baba Vitus, mtoto anakusemesha." Akangoja. "Haya. Ndivyo alivyo siku hizi. Ukimwita, anakupa kisogo. Ameanza ukorofi uzeeni." Akasonya, akafunika sufuria.

Kutoka kwenye Fuso, Asukile dereva akatoa kichwa dirishani. "Jamani, amueni. Mimi silizimi hili gari, mnanijua."

Walimjua. Starta ya ile Fuso ilikufa tangu kabla ya Pasaka. Ikizimika haiwaki mpaka isukumwe na wanaume wenye mapaja. Kwa hiyo Asukile akishawasha asubuhi, hazimi mpaka jioni, hata akienda kula.

"Bosi Vitus alisema starta ataleta kesho," Asukile akaendelea. "Sisi kwetu Tukuyu kesho inafika baada ya leo. Sijui hapa Rujewa inapitia wapi."

Watu wakacheka tena, na Vitus akazidi kuwiva.

Hapo ndipo bodaboda ilipokuja ikipasua watu, na nyuma yake Devota, binti wa mzee, mwenye duka la vipuri Iringa mjini. Alipanda basi la alfajiri baada ya mama yake kumpigia simu na kulia. Kijana wa bodaboda alitaka kupita karibu na jiwe, akapiga honi. Honi ya bodaboda mnaijua. Watu wakaruka. Mbuzi akaruka. Hata Nkuba aliyechunga fahali maisha yake yote alisogea.

Mzee Marcelino hakusogea.

Devota akashuka polepole. Akamtazama baba yake kisogoni.

"Piga tena," akamwambia kijana.

"Dada, watanipiga."

"Piga."

Akapiga. Mzee alikuwa anatazama majani yanayopita majini, ametulia kama mtu aliye peke yake duniani.

Devota akazunguka mbele. Kivuli chake kilipoanguka juu ya fimbo ndipo baba alipoinua macho, na uso wote ukafunguka.

"Kamwene, mwanangu. Umekuja na baridi yenu ya Iringa."

Devota hakujibu salamu. Alichuchumaa, wakawa uso kwa uso, na mgongo wake ukawakinga na watu. Kisha akafanya jambo la ajabu. Akafungua mdomo akasema neno moja moja, lakini hakutoa sauti. Midomo tu ilikuwa inakwenda.

Baba, hii imeanza lini?

"Tangu masika yaishe," mzee akajibu.

Mzee akagundua amejifichua. Akafumba macho.

Binti hakutoa sauti, na baba amejibu. Wasomaji, wangapi tulimwita mzee huyu mkorofi kuanzia wiki ile ya kwanza? Hata mimi nilikuwa nawaacha mumwite.

"Mama anajua?" Devota akauliza, sasa kwa sauti ya chini, midomo ikitamka vizuri.

"Mama yako anajua nimekuwa mbaya. Mwache ajue hivyo."

"Na sikio la kushoto?"

"La kushoto nililiacha vitani, na hilo unalijua. Lililokuwa linafanya kazi ni hili moja. Mvua zilipokwisha na lenyewe likaenda. Nikadhani ni nta. Nikatia mafuta ya moto. Wapi."

"Ndiyo maana hushuki."

Mzee alichezea fimbo. Mguu wake mmoja ulikuwa hautulii, ukipigapiga chini kama wa mtu aliyechelewa basi.

"Devota, hawa watu wanadhani nasimama pale chini kuonyesha ujasiri. Ujasiri wa nini? Gari likidondoka, ujasiri haulishiki. Mimi nilikuwa nasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

"Daraja zima linaguna. Kila nguzo ikipokea mzigo inaguna, kama ng'ombe anayelala ameshiba. Isiyoguna haibebi kitu, imening'inia tu. Kule vitani nilikuwa na mwenzangu, Aroni, mtu wa Chimala hapa. Tulikuwa wawili chini ya daraja letu, lori la risasi juu. Nguzo ya upande wake ikanyamaza. Nilisikia imenyamaza. Nikafurahi. Kijana anapenda kimya, anadhani kimya ni uzima." Akatazama daraja. "Nilipoelewa, daraja lilikuwa linaanguka na Aroni alikuwa bado chini. Na sikio la kushoto likabaki huko pamoja naye."

Devota alimshika goti, lile linalocheza.

"Sasa mwaka huu nishuke nikasimame kama sanamu?" mzee akasema. "Watu wavuke kwa kuniamini mimi, na mimi sijui kitu? Hapana. Heri mpunga ugeuke."

"Waambie basi."

"Niwaambie Afande hasikii?"

"Ukiwaambia, watasema umezeeka. Ukinyamaza, watasema daraja lina mkosi. Chagua."

Mzee Marcelino aliikaza fimbo chini. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akainuka. Umati ukavuta pumzi. Asukile akapiga resi bila kujua.

"Ndugu zangu," alisema, na sauti ikawa kubwa mno, kama ya mtu anayeita ng'ambo. "Sisikii. Masikio yote mawili yamekufa. Sikutaka mjue. Siyo daraja lenye mkosi, ni mimi."

Hakuna aliyecheka hapo. Mama Apolonia aliweka sufuria chini.

"Ndiyo maana," alisema polepole. "Ndiyo maana siku hizi unaishikashika mashine kwa kiganja kama mgonjwa wa homa. Nikasema huyu mzee ameanza mapenzi na chuma."

"Kiganja kinaniambia imewaka," mzee akasema, akimtazama mdomoni. "Hakiniambii inaumwa wapi."

Vitus alikuwa amekuja mbele. Uso umemshuka. "Kwa hiyo yale niliyosema nyuma yako..."

"Ulisema nini?"

Vitus akatazama viatu vyake.

"Alisema starta ataleta kesho," Devota akadakia.

Kicheko kilichotoka hapo kiliwasaidia wote. Hata Vitus akafuta jicho. Lakini Nkuba alikuwa anatazama jua, na jua halikungoja watu wapatane.

"Pole sana Afande," alisema. "Pole ya kweli. Lakini mpunga wangu bado uko juu ya gari. Nani anashuka?"

"Mimi," Vitus akasema. Tayari alikuwa anakunja suruali. "Mimi ndiye mkubwa."

"Wewe hapana," baba akasema.

Aliyekuwa anacheka akaacha.

"Hapana kwa nini?"

"Ulipokuwa na miaka kumi na miwili nilikushusha pale chini. Gari lilipofika juu yetu, ulifanya nini?"

Wazee wawili watatu waliokumbuka wakatazama pembeni.

"Uliziba masikio," mzee akasema, bila ubaya. "Vidole vyote. Na Devota alikuwa mdogo kuliko wewe, nimembeba mgongoni. Akaniuliza, baba, nani anaguna?"

"Nilikuwa mtoto, baba."

"Najua. Lakini mpaka leo kitu kikikutisha unaziba masikio. Mashine ikipiga kelele mbaya unaongeza sauti ya redio."

Asukile akajifanya anakohoa.

"Kwa hiyo funguo ni za Devota," Vitus alisema. Akaacha kukunja suruali. "Sema basi yote. Mimi nimeamka kwenye vumbi la pumba miaka yote, yeye anakuja na basi la alfajiri, anachukua."

"Sijasema funguo. Nimesema masikio."

Vitus alimtazama dada yake, dada akamtazama yeye, na kati yao pakapita kitu ambacho sina neno lake. Kaeni mkijua tu kwamba hakikwisha pale.

Nkuba alikuwa na lake. "Ngoja kwanza. Mwanamke asimame chini ya mpunga wangu? Gari likipita juu ya kichwa chake? Kwetu hiyo hapana."

"Kwenu mpunga nani anapanda, Nkuba?" Mama Apolonia akauliza.

Nkuba akafungua mdomo.

"Jibu, baba Yakobo," ikaja sauti kutoka juu ya magunia. Alikuwa Mbuke, mkewe, ameketi juu ya mzigo tangu alfajiri na kitenge kichwani. "Mimi pia nataka kusikia nani anapanda."

Nkuba akafunga mdomo. "Shuka hapo, gari linavuka," akamwambia mkewe, na kwa hayo kila mtu akajua amekubali.

Devota akavua viatu. Akafunga kanga juu ya gauni, akakaza, akachukua nyundo ya baba yake ya kugongea nguzo iliyokuwa kando ya jiwe, akateremka. Maji ya mto yalikuwa ya baridi ya Juni. Yakamfika juu ya magoti.

Daraja lilikuwa na jozi tano za nguzo. Akaanza kugonga. Ngo. Ngo. Zote zilijibu kwa sauti nene, ya mti mkavu usio na dudu. Akageuka kwa baba yake ukingoni, akainua dole gumba.

Mzee hakutulia hata hivyo. "Nyundo inasema habari za mti," akamwambia kwa ile sauti yake kubwa. "Habari za udongo unazisema mzigo. Masika haya maji yalikuja na hasira."

"Tupunguze gunia?" Asukile akauliza. "Twende na nusu?"

"Nusu ya mzigo ni nusu ya jibu. Ikipita na nusu, kesho utaiweka nzima na hutakuwa na mtu chini."

Wakapangana. Asukile kwenye usukani. Vitus mbele yake, juu ya daraja, anatembea kinyumenyume na kumwelekeza kwa mikono kama kila mwaka. Mzee Marcelino ukingoni, pale anapouona mdomo wa Devota. Ngumi ikiinuliwa, gari linasimama.

"Vitus," baba akasema. "Unitazame mimi."

"Nakutazama."

"Usitazame watu."

"Nimesema nakutazama, baba."

Fuso ikaja. Mbao za kwanza zikapokea magurudumu, daraja lote likashuka kidogo kama mtu anayekaa kitandani. Chini, Devota alisikia. Guno zito, refu, la kushiba. Akacheka peke yake. Ilikuwa sauti ileile aliyoisikia mgongoni mwa baba.

Jozi ya kwanza. Dole gumba juu.

Magurudumu ya mbele yakasogea. Jozi ya pili ikaguna, nene zaidi. Dole gumba juu.

Vitus alikuwa anaita kwa viganja: njoo, njoo, njoo. Watu walikuwa wameanza kupumua. Mama mmoja akaanza kupiga kigelegele, wenzake wakamzuia mdomo.

Magurudumu ya mbele yakapanda juu ya jozi ya tatu.

Devota akangoja.

Akasogea karibu, akaweka sikio kwenye mti kabisa. Maji yalikuwa yanapita. Injini ilikuwa inanguruma juu. Lakini mti wenyewe haukusema kitu. Alitazama chini kwenye maji ya matope akaona yanazunguka chini ya mguu wa nguzo, mahali ambapo hayakupaswa kuwa na njia. Nguzo ilikuwa nzima, imara, nzuri kabisa. Ila haikusimama juu ya chochote. Mto ulikuwa umekula udongo wote, ikabaki inaning'inia kwenye boriti kama nyama buchani.

Na magurudumu ya nyuma, yenye mzigo wote, yalikuwa bado yanakuja.

Akamgeukia baba yake. Hakupiga kelele, maana baba asingezisikia na huko juu injini ingezimeza. Alitamka tu, polepole, midomo wazi.

Ya tatu haisemi.

Mzee Marcelino akainua ngumi.

Vitus aliiona.

Nawaambieni aliiona, maana alikuwa anamtazama baba kama alivyoahidi. Lakini alichokiona kwanza hakikuwa ngumi. Aliona kamba ya kaki shingoni, na watu wote wanaotazama, na dada yake chini akiwa ndiye wa kusikilizwa. Mikono yake ikaita mara moja zaidi. Njoo.

Fuso ikasogea.

Kisha ngumi ya baba ikatetemeka hewani, na Vitus akamwona siyo baba mkorofi, akamwona mtu anayeogopa. Hajawahi kumwona baba yake anaogopa. Akafunga viganja vyote viwili, akavisukuma mbele kwa nguvu zote.

Asukile akakanyaga breki.

Fuso ikapiga kichwa mbele, ikarudi. Injini ikakohoa mara mbili.

Ikazimika.

Wasomaji, nilikuwa nimewaambia habari za starta.

Kimya kilichoingia pale, hata maji mliyasikia. Fuso imejaa mpunga, imekaa katikati ya daraja, magurudumu ya nyuma yamesimama kati ya nguzo ya pili na ya tatu. Haiwezi kwenda mbele. Haiwezi kurudi mpaka isukumwe, na wa kuisukuma itabidi waingie wanaume kumi juu ya daraja hilohilo.

"Ee tata," Asukile alisema kwenye usukani, mikono imeganda. "Nishuke?"

"Usitikisike!" Vitus akasema.

"Devota, toka huko!" Mama Apolonia alikuwa tayari kwenye maji, Mbuke amemkamata kanga kwa nyuma. "Toka, mwanangu, toka!"

Devota hakutoka. Alikuwa ameshika jozi ya pili, kichwa kimeinama. Ile iliyokuwa inaguna vizuri sasa ilikuwa inatoa sauti nyingine, nyembamba, asiyoijua. Hakujua kama ni sauti ya kubeba au ya kukata tamaa. Hilo baba hakuwahi kumfundisha.

Alipoinua uso kumwuliza, ukingoni hapakuwa na mtu. Fimbo tu ilikuwa imelala kwenye jiwe.

Alisema mwaka huu hashuki. Ameshuka.

Alikuja ndani ya maji na viatu vyake, hatua za mtu asiyetaka kuamsha mtoto. Hakumtazama Devota, hakutazama gari lililo juu ya kichwa chake. Akaweka kiganja kwenye nguzo ya pili. Akatikisa kichwa, kiganja hakikutosha. Basi akafanya kitu ambacho hata yeye mwenyewe, nadhani, hakujua kama atakifanya. Akainama, akauegemeza mfupa wa paji la uso wake kwenye mti, akaikumbatia nguzo kwa mikono miwili kama watu wanavyokumbatiana msibani, akafumba macho.

Muda ukapita.

Devota aliona uso wa baba yake ukibadilika. Ukawa wa kijana. Sauti iliyokufa masikioni ilikuwa inapanda kwenye mti, inaingia kwenye mfupa, inafika kule ndani ilikozoea kukaa. Alikuwa anasikia.

"Baba?" akamgusa mkono. "Inasema nini?"

Akafumbua macho, akamtazama midomo, na akamjibu kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mezani.

"Inatetemeka kama mchanga kwenye ungo. Nimeisikia hii mara moja tu, miaka ile, na Aroni." Akashika nguzo vizuri zaidi. "Mwambie kaka yako ashushe mpunga. Gunia moja moja. Waanzie nyuma, wapokezane mpaka ukingoni, na mtu asikanyage kwa kishindo. Asukile akae hapohapo alipo, asifungue mlango. Nenda."

"Na wewe unatoka lini?"

"Siku ile lilikuwa lori la risasi, hatukuwa na muda wa kushusha. Leo ni mpunga."

"Baba, sijauliza hilo. Unatoka lini?"

Mzee Marcelino alivua kamba ya kaki shingoni, funguo zikagongana, akaitia mkononi mwa binti yake na kuufunga mkono huo kidole kimoja kimoja.

"Mpelekee Vitus. Alichelewa kufunga mikono, lakini alifunga."

Kisha akarudisha paji la uso kwenye mti.

"Nenda, Devota. Mimi nasikiliza."

Devota akapanda ukingo, funguo zimemkaza kiganjani, akamkuta Vitus ameshafika nyuma ya Fuso, amevua viatu, mkono umeshika fundo la gunia la kwanza. Wakatazamana. Juu ya kichwa cha baba yao, taratibu, gunia likaanza kusogea.